IST: amp inajizima nikiongeza sauti, na milango inatetemeka. Kweli dawa ni amp kubwa zaidi?

Kijana wa Goba

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijatoa hela tena.

Gari ni Toyota IST ya 2004, injini ya 1.5. Nimefungiwa redio ya skrini, amp (kikuza sauti) ya chaneli 4, sabufa moja ya nchi 12 ndani ya boksi kwenye buti, na spika mpya za nchi 6 na nusu milango ya mbele. Spika za mbele zinatumia chaneli mbili za amp, sabufa imechukua mbili zilizobaki, zimebrijiwa, yaani zimeunganishwa zifanye kazi kama moja. Spika za milango ya nyuma zimeachwa kwenye redio.

Shida ya kwanza. Sauti ikiwa ya kawaida kila kitu kiko poa. Nikipandisha, sabufa inapiga hasa, kioo cha nyuma kinacheza, halafu ghafla taa ya amp inageuka nyekundu, sabufa na spika za mbele kimya. Amp inakuwa ya moto kiasi kwamba kiganja hakikai juu yake. Nikizima redio na kuwasha tena inarudi, kisha mchezo ni uleule.

Shida ya pili. Milango ya mbele inalia "zzzzz" kila besi ikigonga. Na hizi spika mpya, pamoja na bei yake, hazina besi kabisa. Sauti za juu zipo kali, ila chini hakuna kitu. Naapa zile za karatasi zilizokuja na gari zilikuwa afadhali.

Fundi aliyefunga (simtaji, ni mtu mwema na simu anapokea) anasema amp ni ndogo, nitafute ya wati 3000, na milangoni abandike lami ile ya kuzibia paa za nyumba. Jumla laki sita na nusu. Mke wangu amesema nikitoa hiyo hela, nikalale hukohuko kwenye IST.

Nyuma ya sabufa pameandikwa omu 2 + 2, wati 250 RMS (zile za kudumu). Kitabu cha amp kinasema: wati 60 mara 4 kwa omu 4, wati 90 mara 4 kwa omu 2, na ukibriji wati 180 mara 2 kwa omu 4. Ila kwenye boksi lake wameandika wati 1600 kwa herufi kubwa.

Nifanyeje?

Sauti Juu

Mkuu hapo fundi wako yuko sahihi, amp imezidiwa. Vuta ya wati 3000 ya mono (chaneli moja), weka na kapasita, utanishukuru. Mimi yangu ikipita mtaani watu wanafunga madirisha.

Mzee wa Waya

Kijana, usinunue kitu. Amp yako haijazidiwa na muziki, imezidiwa na jinsi ilivyofungwa. Na hiyo ya wati 3000 ukiifunga vilevile itakufa vilevile, tofauti ni kwamba utakuwa umelipa zaidi.

Nifungue kidogo, maana hapa ndipo vijana wengi wanapoliwa hela.

Amp kazi yake ni kutoa volti. Umeme utakaopita unategemea koili ya spika inakataa kiasi gani, na hicho ndicho tunachokipima kwa omu. Volti 12 kwenye omu 4 zinapitisha ampia 3. Kwenye omu 2 zinapita 6. Kwenye omu 1 zinapita 12. Volti ni zilezile, geini (kile kitufe cha kuongeza nguvu kwenye amp) hujaigusa, lakini transista za ndani zinabeba mzigo mara nne. Joto hilo unalolisikia kwa kiganja ndiko linakotoka.

Sasa sabufa yako ina koili mbili, kila moja omu 2. Kuna namna mbili za kuzifunga. Sambamba, yaani chanya na chanya pamoja, hasi na hasi pamoja: inakuwa omu 1. Au kwa mfuatano, umeme unapita koili ya kwanza ndipo uingie ya pili: inakuwa omu 4. Ukishabriji hakuna namna ya tatu, labda uache koili moja bila waya, na hilo usilifanye.

Halafu kuna jambo la kubriji ambalo wengi hawaambiwi. Ukibriji chaneli mbili, kila chaneli inaona nusu ya omu za spika. Ndiyo maana kitabu chako kinaruhusu omu 2 kwa chaneli moja lakini ukibriji kinaishia omu 4. Ni mpaka uleule mmoja, umeandikwa mara mbili. Kama sabufa imefungwa sambamba, ni omu 1 kwenye briji, basi kila chaneli inaona nusu omu. Amp iliyotengenezwa kwa omu 2! Taa nyekundu ni amp inajiokoa. Ishukuru.

Habari ya wati 1600 isahau. Ukitaka kujua amp ya aina hii ina wati ngapi za kweli, chungulia fyuzi zake ubavuni. Kama ina mbili za 25, ni ampia 50. Zidisha kwa volti 13.5, unapata 675. Amp za chaneli nne za zamani za aina ya AB zinageuza kama asilimia 60 tu kuwa muziki, iliyobaki ni joto. Kwa hiyo wati 400 hivi kwa chaneli zote, ikikamuliwa. Boksi linasema 1600, fyuzi inasema 400. Mimi namwamini fyuzi.

Nenda kapime. Mita ya kawaida, ya bei ya chini kabisa, inatosha. Chomoa waya za sabufa kwenye amp, weka mita kwenye omu alama ya 200, gusanisha ncha zake mbili kwanza uone inasoma ngapi zenyewe kwa zenyewe, kisha pima waya za sabufa na utoe ile namba ya kwanza. Njoo na jibu.

Kijana wa Goba

Shikamoo mzee. Nimeazima mita kwa jirani fundi friji. Fyuzi ni mbili, 25 kila moja, umejuaje!

Ncha zikigusana inasoma 0.3. Waya za sabufa zinasoma 1.2. Kwa hiyo ni 0.9? Mbona haifiki hata hiyo 1?

Mzee wa Waya

Marahaba. Haifiki kwa sababu mita inapima koili ikiwa imetulia, kwa umeme wa moja kwa moja. Omu zinazoandikwa nyuma ya spika ni za spika ikiwa inacheza muziki, na hizo hazisimami mahali pamoja: zinapanda na kushuka kulingana na noti. Karibu na noti ambayo koni inapenda kucheza yenyewe zinaweza kupanda hadi makumi ya omu. Kiwanda kinachagua namba moja ya kuandika. Kwa hiyo spika ya omu 4 kwenye mita itakusomea 3.2 hadi 3.7 na ni nzima kabisa. Ikisoma 0 au isisome kitu, hapo ndipo umlilie.

Kwa 0.9, umefungiwa sambamba. Fungua skrubu za sabufa, itoe kwenye boksi taratibu, usiache bisibisi iteleze kwenye koni. Utaona pini nne. Toa vipande vya waya vinavyounganisha chanya na chanya, hasi na hasi. Chukua kipande kimoja tu, unganisha hasi ya koili ya kwanza na chanya ya koili ya pili. Chanya inayotoka kwenye amp iende chanya ya koili ya kwanza, hasi ya amp iende hasi ya koili ya pili. Pima tena kabla ya kurudisha skrubu. Ukitoa ile 0.3 unatakiwa uone 3.5 hivi.

Utapata wati 180 halali, za saa nzima, kwenye sabufa inayomudu 250. Na kabla Sauti Juu hajaniambia 180 ni kidogo: kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu. Sikio linaziona hizo, ila ni kama kusogeza kitufe cha sauti alama moja au mbili.

Otis wa Rongai

Salamu kutoka Nairobi. Mzee ameongea ukweli mtupu. Mimi nimefunga mitambo ya matatu kwa muda mrefu, na ile makosa naona kila wiki ni hiyo ya omu na ya nyaya.

Hebu angalia waya inayotoka kwa betri. Kwaruza kidogo na kisu. Kama ndani ni nyeupe na nje tu ndio ina rangi ya shaba, hiyo ni aluminiamu imepakwa shaba. Inabeba stima kama asilimia 60 na kitu ya ile shaba halisi ya unene huo huo inabeba. Sio lazima uitupe, lakini lazima iwe nene zaidi. Kwa amp ya ampia 50 mimi naweka shaba ya milimita mraba 16 hadi 21, basi. Waya ya welding ya hardware pia inafanya kazi poa kama ni shaba tupu, na inapindika vizuri chini ya kapeti.

Fyuzi lazima iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45. Na pale waya inapita kwa ukuta wa injini, pitisha kwa shimo iko na raba. Bati tupu itakula ngozi ya waya polepole, na siku itafika kwa shaba...

Hii ingine si ya IST lakini wacha niseme, kuna wenye gari kubwa wanasoma. Matatu za abiria 33 kama Isuzu NQR ziko na betri mbili, volti 24. Amp ni ya volti 12. Mafundi wengi wanavuta 12 kutoka betri moja tu. Inacheza, lakini hiyo betri moja inaliwa na muziki kila siku na ile ingine inachajiwa kupita kiasi, zote zinakufa mapema na mwenye gari analaumu betri. Weka kigeuzi cha 24 kwenda 12 chenye ampia za kutosha.

Kijana wa Goba

Wakuu, imekubali!! Nimefunga kwa mfuatano, mita 3.8, nikitoa 0.3 ni 3.5 kama mzee alivyosema. Nimepiga singeli kutoka Goba hadi Mbezi sauti juu, taa ya kijani muda wote, amp ya uvuguvugu tu. Besi naona imepungua kidogo mwanzoni lakini haikatiki.

Waya nimekwaruza, nyeupe ndani, na fyuzi ya kwenye betri haipo kabisa. Kesho nashuka madukani Gerezani kutafuta.

Sasa milango. Nibandike hiyo lami?

Bi Probox

Samahani naingilia. Kabla hujafungua mlango, kagua namba ya gari ya nyuma. Mimi nilihangaika na "zzzz" ya buti, fundi akafungua kila kitu, kumbe ni kibati cha namba kinagonga kwenye bodi. Kipande cha sponji yenye gundi nyuma ya namba, kelele kwaheri. Pia kwenye mifuko ya mlango toa sarafu, funguo, na yale makopo ya hewa safi.

Na mzee, nikuulize, hii lami ina ubaya gani? Kuna kaka mtaani kwetu amebandika gari zima.

Mzee wa Waya

Bi Probox kasema vizuri sana, anza na hayo.

Ubaya wa lami ni joto. Gari likisimama juani hapa Dar, bati la mlango upande wa jua halishikiki. Lami inalainika, inaanza kuteleza kwa uzito wake, inashuka chini ya mlango na kuziba mahali pa maji kutokea. Na harufu yake haitoki, hasa asubuhi ukifungua gari lililofungwa usiku kucha. Kinachotakiwa ni ule mkeka wa mpira wa butili wenye karatasi ya aluminiamu juu, wa milimita 2. Butili inavumilia joto, na ile aluminiamu si pambo. Bati likitaka kutetemeka, mpira unanaswa katikati ya bati na foili, unavutwa huku na huku, na mtetemo unageuka kuwa joto kidogo sana. Mpira peke yake bila foili haufanyi hata nusu ya hiyo kazi.

Sasa sikiliza kwa nini spika zako mpya hazina besi, maana hilo ndilo kubwa kuliko hata kelele.

Koni ikienda mbele inasukuma hewa ya kwako wewe uliyekaa, na wakati huohuo nyuma yake inavuta hewa. Hizo mbili zikikutana zinafutana, na besi ndiyo inayofutika ya kwanza. Ukitaka uhakika, shika spika mkononi ikiwa inacheza: inalia kikopo. Iweke kwenye ubao wenye tundu la kipimo chake, besi inarudi hapohapo. Mlango wa IST ukitoa kava, bati la ndani lina matobo makubwa ya kuingiza mkono kutengeneza kioo, yamefunikwa na nailoni nyembamba tu. Mafundi wengi wakifunga spika wanachana hiyo nailoni na hawairudishi. Spika zako zinacheza mkononi, ndugu yangu. Za kiwanda zilikuwa bora kwa sababu nailoni ilikuwa nzima na kitako chake cha plastiki kilikaa sawa kwenye tundu.

Kazi yenyewe iko hivi. Toa skrubu ya nyuma ya handeli ya ndani na ya mahali pa kushikia mlango, kisha vuta kava kuanzia chini, klipu zitaachia moja moja. Chomoa soketi ya vitufe vya vioo, usivute kwa nguvu. Nailoni ibandue na ule ulimbo wake mweusi, usiutupe, haukauki na utautumia tena.

Gonga bati la nje kwa kifundo cha kidole, katikati. Litalia "teeng". Kumbuka hiyo sauti.

Ingiza mkono na kitambaa chenye spiriti ufute bati la nje kwa upande wa ndani. Futa mpaka kitambaa kitoke cheupe. Vumbi la barabara za Goba likibaki, mkeka utashika vumbi, hautashika bati. Kata mkeka vipande vinavyopita kwenye tobo, bandika katikati ya bati kuzunguka lile bomba la kukinga ajali, na kandamiza kwa rola ndogo ya chuma au ya mbao ngumu hadi vinundu vya foili vilale. Hapo usiwe na huruma, kidole hakitoshi. Huna haja ya kufunika bati lote. Robo ya eneo, mahali panapotetemeka, inakupa sehemu kubwa ya faida. Nusu ni starehe. Asilimia mia ni biashara ya muuzaji, na kila mita ya mraba inakuongezea kilo 3 hivi kwenye bawaba za mlango.

Gonga tena. Ikisema "tup" bila mwangwi, simama hapo.

Ndipo uzibe matobo makubwa ya bati la ndani. Usizibe kwa mkeka mtupu, utabonyea na kupigapiga. Kata plastiki ngumu au bati la aluminiamu kwa kipimo, libane kwa skrubu fupi, kisha mkeka juu ya maungio. Skrubu ni muhimu, siku mota ya kioo ikifa fundi atafungua bila kukulaani. Spika ikae kwenye kitako cha plastiki au cha plaiwudi iliyopakwa rangi pande zote. Ile mbao ya unga ya samani inavimba maji yakiingia, na mlangoni maji yanaingia kila mvua. Katikati ya spika na kitako, kitako na bati, zungusha sponji yenye gundi hewa isipenye. Sponji iwe ya aina ya kandambili, isiyonyonya maji. Ya godoro itakaa na unyevu na kuozesha bati.

Fito za loki na handeli zizungushie utepe wa kitambaa, hizo ndizo zinazolia "tiki tiki" kwenye matuta.

Matundu madogo chini kabisa ya mlango usiyaguse. Maji yanayopita pembeni ya kioo yanatokea hapo. Na kama kuna kihisi cha airbagi ndani ya mlango, kipitie mbali. Kabla ya kurudisha kava, shusha kioo hadi mwisho na kukipandisha, ukitazama kama skrubu au mkeka haukigusi.

Pia usidhani milango ikishapata mkeka utaacha kusikia barabara ya Morogoro. Mkeka unanyamazisha bati. Kelele za matairi zinapita sakafuni na kwenye mpira wa mlango uliochoka, hiyo ni kazi nyingine na hela nyingine.

Kijana wa Goba

Mzee Mungu akuweke. Swali la mwisho: nitajuaje chanya na hasi za spika za mlangoni? Waya za gari ni rangi za Toyota na fundi ameziunganisha humohumo kwa kuzisokota na selotepu.

Mzee wa Waya

Selotepu itoe, weka utepe wa umeme au, bora zaidi, zilehemu na uzivike mrija wa kufunika waya.

Chukua betri ndogo ya saa ya ukutani, volti 1.5. Chomoa waya za spika upande wa amp, gusa kidogo tu, chanya ya betri kwenye waya unaoudhani ni chanya. Tazama koni. Ikiruka kuja kwako, umepatia. Ikiingia ndani, geuza. Fanya kwa milango yote miwili. Mmoja ukicheza kinyume na mwenzake, besi inafutana tena katikati ya gari na kazi yote ya mkeka imekwenda na maji. Mbinu hii usiitumie kwenye twita (spika ndogo ya sauti za juu) yenye kapasita, haitakuonyesha kitu.

Kisha geini. Chomoa spika zote. Zima besi za ziada kwenye redio, sauti iwe robo tatu. Cheza mlio wa majaribio wa hezi 50 kwa sabufa, mita iwe kwenye volti za AC, fungua geini polepole hadi volti 26 na kitu. Hiyo ni kipeuo cha wati 180 mara omu 4. Kwa milango ni wati 60 mara omu 4, kipeuo chake ni 15.5, ila tumia mlio wa hezi 300, mita za bei ndogo hazisomi vizuri juu ya 400. Krosova (kichujio cha sauti) ya milango ikate zote zilizo chini ya hezi 80, hizo nchi 6 na nusu usizibebeshe kazi ya sabufa.

Sauti Juu

Mzee nimesoma kimyakimya hadi mwisho. Mimi nina sabufa mbili, kila moja koili mbili za omu 4. Amp ni mono, kitabu kinasema mwisho omu 2. Fundi alinifungia sijui vipi. Nazifungaje zifike omu 2 kamili?

Mzee wa Waya

Hazifiki. Koili nne za omu 4, ukizigawia mzigo sawa, zinakupa omu 1, omu 4 au omu 16. Funga kila sabufa koili zake kwa mfuatano, ni 8, halafu sabufa mbili sambamba, ni 4. Amp itapoa na itaishi. Ukitaka omu 2 kwa amp hiyo, tumia sabufa moja tu, koili zake sambamba.

Fyuzi ya karibu na betri unayo?

Sauti Juu

Fyuzi ziko kwenye amp mzee, tatu.

Mzee wa Waya

Hizo zinalinda amp. Waya kutoka kwenye betri hadi buti hauna mlinzi hata mmoja. Toa kichwa cha betri sasa hivi, kesho fuatana na Kijana wa Goba Gerezani.